Chumba Chako Kina Dari?

Mpwa wangu aliingia dukani kwa fundi akiwa na orodha yake kwenye simu. Ilikuwa orodha ya kompyuta ya kuchezea gemu, kila kifaa na bei yake, na alikuwa amedunduliza fedha miaka miwili kwa ajili yake. Alimwamkia fundi, akaitikiwa marahaba, kisha akamnyooshea simu. Fundi hakuipokea. Alimtazama kidogo, akauliza, "Unakaa wapi, mdogo wangu? Chumba chako kina dari?"

Hakikuwa na dari. Ni chumba cha kupanga hapa Dodoma, kuta za tofali, juu mbao na bati tupu. Fundi akauliza dirisha linatazama upande gani. Akauliza kama barabara inayopita mbele ya nyumba ina lami. Akauliza mashine itakaa sakafuni au mezani, na kama meza inagusana na ukuta. Mpwa wangu alijibu yote huku mkono wenye simu bado umenyooka. Mwishowe fundi alifungua droo, akatoa kipimajoto kidogo cha ukutani, akampa. "Kakitundike pale pale utakapoweka mashine. Kila siku saa tisa alasiri ukisome, uandike. Siku tatu. Ukirudi tutaongea habari za prosesa."

Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu, kama mjomba, ili asipunjwe. Nilitoka pale nikiwa na shauku kuliko yeye. Nimeshaona watu wengi wanaouza vifaa vya kompyuta, na wote huanza na kifaa. Huyu alianza na bati.

Tulirudi siku ya nne. Namba zilikuwa 33, 34 na 34. Ulikuwa mwezi wa tisa, na wenyeji wa Dodoma wanajua maana yake. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda kame za katikati ya nchi. Mvua zake huja kuanzia Desemba hadi Aprili, zikiisha basi, ni kiangazi mfululizo. Upepo wa kiangazi hicho huzoa udongo mwekundu kutoka viwanja vilivyo wazi na barabara zinazochongwa, ukauingiza kila penye upenyo. Ukifuta meza asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika, joto hupanda kuliko miezi mingine yote. Kwa hiyo 34 ya Septemba haikuwa ndiyo kilele, na fundi aliongeza nyuzi mbili juu yake kwa kalamu kabla hajaanza hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila ndiyo mzizi wa kazi yote. Feni haitengenezi ubaridi. Inachukua hewa ya chumba na kuipitisha juu ya chuma kilichoshika joto la prosesa. Prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka pia, karibu nyuzi kwa nyuzi, kwenye prosesa. Wanaopima vifaa hivi Ulaya na Marekani mara nyingi hukaa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22. Prosesa ambayo kwao ilifika 72, ndani ya chumba cha mpwa wangu chenye nyuzi 36 itafika kama 86, kwa feni zile zile na kazi ile ile, bila kosa la mtu yeyote. Ndiyo maana fundi anaposoma kipimo cha kifaa haangalii joto lililoandikwa. Anatoa joto la chumba cha mpimaji, anabaki na tofauti, kisha anaijumlisha na namba ya kipimajoto chake. Nilimwona akifanya hivyo kwa vifaa vinne mfululizo nyuma ya boksi la kiatu.

Hapo nilielewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Jamaa zetu walioko Maskati, ambako joto la Julai linaweza kuzidi nyuzi 40, wanacheza gemu katika chumba chenye kiyoyozi, na mashine zao zinavuta hewa iliyo baridi kuliko mashine ya Dodoma chini ya bati. Kinachohusika ni joto la chumba, na hilo ndilo watu wanaloliacha wanapoandika orodha.

Orodha ya mpwa wangu ilikuwa na prosesa ya Intel Core i9-14900K na kadi ya picha ya RTX 3080 iliyokwisha kutumika. Vyote ni vifaa vyenye nguvu kweli kweli. Fundi hakuvikejeli. Aliandika namba mbili: 253 na 320. Ya kwanza ni wati ambazo Intel wenyewe wameziweka kuwa kikomo cha prosesa ile inapokaza mbio. Ya pili ni wati za kadi. Akajumlisha, 573. Kisha akaeleza jambo ambalo kila anayenunua mashine ya gemu angepaswa kuambiwa kabla hajatoa hela: umeme unaoingia kwenye kompyuta hautoki kama kitu kingine. Hauinui mzigo, hausukumi maji. Karibu wote hugeuka joto, na joto hilo linabaki chumbani na wewe. Wati 573 ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, imewashwa mfululizo pembeni ya goti lako, katika chumba ambacho tayari kina nyuzi 34. Chumba kitapanda. Kikipanda, hewa inayoingia kwenye mashine nayo imepanda, na mashine inaanza kupumua joto lake yenyewe.

Ni kweli kwamba gemu kwa kawaida haikamui prosesa hadi kikomo, na fundi alilisema hilo bila kuulizwa. Lakini anapanga kwa ajili ya saa mbaya zaidi ya mwezi mbaya zaidi. Chini ya namba zile akaandika nyingine: 88 na 200. Ya kwanza ni Ryzen 5 7600 ya AMD, prosesa ya mwaka 2023 inayouzwa kama ya wati 65 na ambayo ikikazwa haipiti 88. Ya pili ni RTX 4070, nayo ya 2023. Jumla 288, karibu nusu ya ile ya mwanzo.

"Kwa hiyo nitapata nusu ya mashine," mpwa wangu alisema, na uso ulionesha kwamba anaumia.

Fundi alitikisa kichwa. RTX 4070 na RTX 3080 zinakimbia karibu sawa katika gemu nyingi, ila moja inafanya kazi ile kwa wati 200 na nyingine kwa 320. Miaka isiyofika mitatu kati yao imepunguza wati 120 za joto kwa kazi ile ile. Kwenye prosesa kuna tofauti ya kweli kwa mtu anayehariri video siku nzima, lakini kwa gemu anazocheza kijana huyu, mpira na magari na GTA V, prosesa hii ndogo inatosha. Hapa ndipo nilipomheshimu fundi kwa dhati. Mtu anaweza kupunguza joto kwa kupunguza kila kitu, na hilo halihitaji ufundi. Yeye alijua joto lipi linaleta picha kwenye skrini na lipi linaleta jasho tu, akakata hilo la pili.

Pembeni ya meza palikuwa na kompyuta iliyoletwa kutoka chumba cha gemu cha mtaani, kando ya barabara ya vumbi. Ugonjwa wake ulikuwa kujizima kila baada ya dakika kadhaa. Fundi alifungua ubavu mbele yetu. Ndani hakukuwa na rangi nyingine zaidi ya udongo. Alitoa skrubu nne za feni ya prosesa, akaiinua, na kati ya feni na mapezi ya alumini palikuwa na kitu kama kitambaa. Alishika kona moja kwa kibano akavuta taratibu. Kilitoka kizima. Upande mmoja kilikuwa na mviringo wa feni, upande wa pili mistari myembamba iliyonyooka, alama ya kila pezi. Alikilaza juu ya karatasi akatuambia tukiguse. Kilikuwa laini kama sufi: nyuzi za nguo, nywele, na katikati yake udongo mwekundu laini kama unga wa wanja.

"Feni hii ilikuwa inazunguka vizuri kabisa," alisema. "Ilikuwa inapuliza blanketi."

Alieleza kwamba vumbi halianzi na udongo. Huanza na nyuzi. Nyuzi za chandarua, za mto na za zulia hunasa kwanza kwenye ncha za mapezi na kutengeneza wavu, kisha udongo unakuja kujaza matundu. Ndiyo maana mashine iliyoko chumba cha kulala huziba upesi kuliko watu wanavyotarajia. Na mvua zikianza, vumbi lile lile lililokaa kwenye saketi kiangazi kizima hunyonya unyevu, na hapo tatizo si joto tena. Fundi wa Tanga au Mombasa angekuwa na hofu nyingine, chumvi ya bahari inayokula miguu ya vifaa, na angepanga mashine yake kwa namna nyingine. Kila pwani na kila bara na adui wake.

Baada ya hapo fundi aliingia kwenye sehemu ambayo niliona wazi kwamba anaipenda kuliko zote, nayo ni keisi. Orodha ya mpwa wangu ilikuwa na keisi yenye kioo mbele, kioo ubavuni, na feni za taa nyuma ya kioo kile. Fundi aliomba aione picha, akaweka kiganja mbele ya mdomo wake akavuta pumzi. "Hivi ndivyo itakavyovuta." Feni tatu nyuma ya kioo zinapata hewa kupitia upenyo mwembamba wa pembeni tu. Zinapiga kelele bila kuvuta.

Aliyomletea ilikuwa nyeusi, ya bati, uso wake wa mbele wote ni wavu. Haikuwa na kitu cha kumvutia mpita njia. Lakini wavu wa keisi, alisema, unazuia mende na vipande vya karatasi. Udongo wetu unapita hapo kama maji kwenye kapu. Anachohitaji ni chujio la nailoni yenye matundu madogo sana, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu chujio linalozuia vumbi linazuia pia hewa. Ukiweka nailoni nzito mbele ya feni moja ndogo, umeinyonga. Ukiweka nyepesi, umepoteza nailoni yako.

Njia yake ya kutoka hapo ni ukubwa. Hatundiki kipande cha chujio mbele ya kila feni. Anakata kipande kimoja kinachofunika uso mzima wa keisi kutoka juu hadi chini, anakishonea ukanda wa sumaku pembezoni, na kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya chujio na feni. Hewa ile ile sasa inapita kwenye eneo kubwa mara kadhaa, kwa hiyo inapita polepole, na ikipita polepole haisumbuliwi sana na wembamba wa matundu. Vumbi nalo, kwa kuwa halivutwi kwa nguvu, haling'ang'anii ndani ya nyuzi. Linakaa juu, na ukilipitisha chujio chini ya bomba linaondoka lote. Alishika kipande kimoja akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho, akakataa, akachukua kingine. Nilipoangalia mimi sikuona tofauti. Alinionesha: cha kwanza kilikuwa kimevutika kona moja, matundu yamekuwa marefu badala ya mraba. Udongo ungepitia hapo hapo. Mtu asiye na vifaa hivi, aliongeza, atumie soksi ndefu za nailoni za kina mama, zikivutwa sawasawa juu ya fremu ya waya. Zinafanya kazi vizuri kuliko machujio mengi yanayouzwa na keisi.

Feni alizichagua kwa sikio. Alikuwa na aina tatu za milimita 140. Alizungusha kila moja kwa kidole, akaiweka karibu na sikio, akasubiri hadi isimame. Feni za bei ndogo huzunguka kwenye kikombe cha shaba chenye mafuta, na katika joto mafuta yale hukauka, na vumbi likiingia humo hugeuka msasa. Alichagua zenye beringi ya mafuta yaliyofungiwa ndani, nne, zote bila taa. Tatu zikae mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini isiwe mbili mbele na mbili nyuma, ili joto litoke upesi. Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nianze kuandika habari hii. Chujio huzipunguzia nguvu feni za mbele, na ukitoa hewa nyingi kuliko unayoingiza, mashine itatafuta hewa iliyobaki popote itakapoipata: kwenye maungio ya bati, kwenye matundu ya USB, kwenye nafasi za kadi upande wa nyuma. Na hakuna chujio sehemu hizo. Lakini ukiingiza nyingi kuliko unayotoa, ndani kunakuwa na msukumo, na kila upenyo unakuwa mlango wa kutokea. Vumbi haliwezi kuingia kinyume cha upepo. Keisi nzima inalindwa na chujio moja, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuingilia.

Kuhusu kupoza kwa maji alikuwa mfupi. Maji hayo huzungushwa na pampu hadi kwenye rejeta, na rejeta hupozwa na feni, na feni huvuta hewa ile ile ya nyuzi 34. Kwa prosesa ya wati 88 hakuna faida inayostahili bei yake. Zaidi ya hapo, chuma na feni vikichakaa hukuonya: joto linapanda wiki kwa wiki, kelele inaongezeka, unakuja kwa fundi ukiwa bado unacheza. Pampu ikifa inakufa siku moja. Alichagua mnara wa alumini wenye mirija ya shaba, mapezi yake yameachana kidogo. Mapezi yaliyobanana sana hupoza vizuri zaidi siku ya kwanza, lakini hushika vumbi upesi na hayaingii brashi. Alipitisha ncha ya brashi kati ya mapezi kuhakikisha, kama mtu anayejaribu kitana.

Pawasaplai aliigeuza kabla hajasoma chochote kilichoandikwa ubavuni. Alikuwa anatafuta swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Pawasaplai yenye swichi hiyo ni ya mtindo wa zamani, na umeme unaopaswa kuwa volti 230 ukishuka, kama unavyoshuka jioni mtaa mzima unapopika na kupiga pasi, nayo inayumba. Zisizo na swichi, zile zinazopokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe, huvumilia mshuko huo bila mashine kujua. Akachagua ya wati 650 yenye daraja la ufanisi la Gold. Mashine inahitaji karibu nusu tu ya hizo, na hiyo ndiyo sababu: ikifanya kazi katikati ya uwezo wake inapoteza umeme kidogo zaidi kama joto, na feni yake haikazani. Alitaka pia kapasita zake ziwe za nyuzi 105, si 85. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya zamani kwamba kapasita ya aina ile ikipunguziwa joto nyuzi kumi, umri wake unakuwa maradufu. Yeye alijifunza kanuni hiyo kwenye amplifaya za redio, miaka ambayo hakukuwa na kompyuta za kutengeneza, na mkono wake bado una alama za solda.

UPS, betri ya kushikilia umeme, ilikuja mwisho, na aliikatia fedha kutoka kwenye kadi ya picha bila kusita. Umeme ukikatika si tatizo kubwa. Tatizo ni unaporudi, mara nyingi kwa kishindo, ukakatika tena, ukarudi. Hata kama gemu imepotea, mazabodi haipaswi kuonja hayo.

Siku ya kuunganisha tulikaa naye tangu asubuhi, kabla jua halijashika bati. Sijui kama nimewahi kuona mtu mwenye mikono isiyo na haraka kiasi kile. Alifuta uso wa prosesa kwa pamba yenye spiriti mara tatu, kila mara pamba mpya, hadi ya tatu ikatoka nyeupe. Hakutumia pesti ya kawaida. Pesti nyingi katika joto la kupanda na kushuka kila siku husukumwa taratibu kuelekea pembezoni, katikati kukabaki kukavu. Alikata kipande cha PTM7950, karatasi nyembamba ya Honeywell ambayo ikiwa baridi ni ngumu na ikifika nyuzi 45 hivi hulainika na kujaza kila mkwaruzo. Alikilaza kwa kibano, akabandua karatasi ya juu kwa pembe, polepole sana, na kilipokunjika kidogo kona moja alikitoa chote akakata kingine. Kisha akakaza skrubu za mnara kwa kukingamisha, mizunguko miwili hapa, miwili kule, kama mtu anayefunga nati za tairi la basi.

Diski ya SSD aliiweka kwenye nafasi ya mbali na kadi ya picha, maana ile ya karibu inakaa juu ya mgongo wake na kupokea joto lote. Nyaya zote alizipitisha nyuma ya bati. Si kwa uzuri tu. Waya uliokaa katikati ya njia ya hewa hushika nyuzi, na nyuzi hushika udongo.

Mashine ilipowaka aliiacha ifanye kazi nzito nusu saa, akafunga ubavu, kisha akatoa kijiti cha udi akakiwasha. Alikishika mbele ya chujio. Moshi ulinyooka, ukaingia kama uzi kwenye tundu la sindano. Akakipeleka nyuma, moshi ukasukumwa mbali. Halafu akaanza kukizungusha kwenye maungio, sentimita kwa sentimita: juu, kona, matundu ya USB. Kila mahali moshi ulikuwa unakwepa keisi, isipokuwa sehemu moja, karibu na nafasi za kadi, ambapo ulijipinda na kuingia. Alisimama hapo. Feni za kadi ya picha zilikuwa zikivuta hewa kutoka kwenye upenyo ule. Aliongeza kasi ya feni ya chini mbele, akapunguza ya nyuma, akarudisha udi. Bado ulipinda, lakini kidogo. Akaongeza tena. Mara ya tatu moshi ulisita, ukatetemeka, ukaanza kwenda nje. Duka zima lilikuwa linanukia kama nyumba ya harusi, na fundi alikuwa ameinama na kijiti chake kwa karibu dakika ishirini bila kusema neno.

Baada ya hapo alifanya mambo mawili kwenye programu. Aliishushia kadi kikomo cha umeme hadi asilimia 80, wati 160, akamwomba mpwa wangu acheze aone kama anaona tofauti. Hakuiona. Kisha akafunga idadi ya fremu isipite uwezo wa skrini, kwa sababu fremu ambazo skrini haiwezi kuzionesha ni joto lisilo na picha. Akampa masharti: mashine ikae mezani, si sakafuni, nyuma yake pawe na nafasi ya kiganja kilichofunguliwa. Chujio lioshwe kila Jumapili wakati wa kiangazi na likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Atakayepuliza ndani kwa blowa ashike panga za feni kwa kidole, maana feni ikizungushwa kwa upepo wa blowa beringi zake zinaumia.

Tulimrudia mwezi wa nne, mvua zikielekea kuisha, kwa ajili ya kuikagua tu. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye daftari. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya Novemba, kipimajoto kikiwa 36. Siku hiyo prosesa ilifika nyuzi 75 na kadi 73, katika gemu ya saa mbili. Kikomo cha prosesa ile ni 95, cha kadi ni 90. Fundi alifungua ubavu, akachukua tochi, akaangalia kati ya mapezi. Aliona vumbi jembamba kwenye makali ya panga za feni, basi. Mapezi yalikuwa yanang'aa. Alipangusa panga moja moja kwa brashi kavu, akafunga, na alipoulizwa bei akasema hakuna kazi aliyofanya.

Kwa hiyo wewe uliyeko Dodoma, Singida, Shinyanga, Garissa au Lodwar, na una orodha kwenye simu yako, usiende dukani kesho. Nunua kwanza kipimajoto cha ukutani, kitundike pale itakapokaa mashine, na ukisome saa tisa alasiri kwa siku tatu.